Taa ya Tairi Iliyomwondoa Baba Sheila

Wasomaji wenzangu, nina miaka arobaini na moja, mama wa binti mmoja, na naishi Kianda, Kibera, katika chumba ambacho ukinyoosha mguu vizuri unagusa jiko. Nilisoma nikamaliza Form Four. Nashona sare za shule hapo hapo mlangoni, na sitoki. Majirani hunitania kwamba wakiniona nimefika steji ya Olympic hapo juu tu, lazima kuna mtu amekufa.

Mimi ni mtu wa nyumbani... Lakini nyumba hiyo ninayoipenda hivyo, leo nalala ndani yake bila mume. Na aliyetutenganisha si mwanamke wa nje. Ni taa! Taa ndogo ya njano kwenye gari!

Cheka tu. Ingekuwa ya mtu mwingine, hata mimi ningecheka.

Dada yangu mkubwa, Eva, ni nesi ng'ambo. Alipotaka kuweka kitu Nairobi, alikataa katakata habari ya mtumba. Akanunua gari jipya kabisa kwa wauzaji wenyewe, lile la haibridi linalotumia petroli na stima. Mume wangu, Baba Sheila, ndiye angeliendesha kama teksi ya kuitwa kwa simu. Miaka mingi alikuwa ameendesha magari ya matajiri wa matusi. Sasa anaendesha la shemeji yake!

Siku ya kwanza alinivuta mpaka barabarani, akaniketisha mbele, akaliwasha. "Mama Sheila, sikiza hiyo injini."

Nikamwambia mbona sisikii kitu.

"Si ndiyo hiyo sasa!" Akacheka mpaka akafuta machozi.

Kianda hakuna pa kulaza gari kama hilo. Kwenye njia yetu mkokoteni mmoja ukikwama, kijiji kizima kinakwama. Kwa hivyo lilikuwa likilala Kawangware, kwenye yadi yenye ukuta na mlinzi wa usiku, mzee mmoja tunayemwita Mzee Odhis. Baba Sheila aliliacha huko jioni, akalifuata tena alfajiri.

Halafu ile taa ikawaka...

Alinionyesha picha yake kwenye simu. Ilikuwa kama sufuria iliyopasuka chini, na ndani yake alama ya mshangao. Ilimaanisha kwamba tairi moja haina upepo wa kutosha. Nikasema, si apitie kwa mtu wa pancha pale chini atie upepo, yaishe? Hapana! Wauzaji walikuwa wameonya kwamba fundi wa barabarani akiligusa tu, waranti imekufa. Hata upepo? Hata upepo.

Akalipeleka kwao. Wakapima, wakatia upepo, wakaizima taa. Asubuhi iliyofuata ikawaka tena. Akarudi. Wakatafuta tundu wakakosa. Wakabadilisha kile kidude cha ndani ya gurudumu kinachopima upepo. Ikawaka tena! Gari jipya, na lilikuwa na presha kumshinda mama yangu!

Safari moja nilienda naye. Ndiyo, mimi, nilitoka Kianda! Nikaketi kwenye kochi jeupe la wateja, nikapewa kahawa ya bure, nikakishika kikombe kizima bila kuinywa kwa kuogopa kumwagia kochi la watu. Kijana wa kupokea magari, tai shingoni na tableti mkononi, alituambia, "Mama, huu mfumo haudanganyi."

Mwishowe wakalizuia kwao karibu wiki nzima ili walichunguze. Baba Sheila akakaa nyumbani anatazama ukuta, na sufuria zangu zikamtazama yeye. Huko kwa wauzaji, taa haikuwaka hata siku moja! Wakaturudishia. Likalala Kawangware... asubuhi taa hiyo, inang'aa kama kawaida.

Abiria nao wana macho. Mama mmoja wa kanisa alishuka katikati ya safari akisema hawezi kukutana na Yesu kwa sababu ya tairi.

Sasa gari liliandikwa kwa jina la Eva, kwa hivyo yule kijana wa tai akampigia yeye. Akamwambia kwamba likiwa kwao ni zima, likiwa kwa dereva ni gonjwa. Tairi haina tundu. Labda mtu analitumia usiku kubeba mzigo mzito?

Labda! Neno moja tu hilo, wasomaji...

Eva akanipigia nikiwa kwenye cherehani. "Mama Sheila, huyo mtu unalala naye, unamjua?"

Nikamwambia namjua kuliko anavyomjua yeye. Akaniuliza gari likilala Kawangware, nani anajua kama kweli limelala? Usiku Baba Sheila anafika nyumbani saa ngapi? Alfajiri anakimbilia nini huko? Nikaanza kufikiria. Mtu wa kukaa ndani kama mimi ana wakati mwingi sana wa kufikiria! Na ninajua nini kuhusu magari? Kitu pekee chenye gurudumu ninachomiliki ni hiyo cherehani.

Nikamuuliza Baba Sheila, taa inawaka kwa nini? Akasema, "Sijui." Nikamuuliza kesho yake. "Mama Sheila, sijui, haki ya Mungu." Angalau angedanganya! Uongo ningeushika mahali. Ile "sijui" haikuwa na pa kushika.

Eva akadai kikao. Na mimi, badala ya kukataa, nikapika chapati!

Lazima niwaeleze kitu. Sisi ni watu wa Magharibi ya Kenya. Kwetu mwanamume na wakwe zake wanaheshimiana mpaka inachosha. Baba Sheila, miaka yote hiyo, hajawahi kula akitazamana na mama yangu. Wakikutana njiani anaacha njia. Sasa mama yangu huyo huyo nikamtoa nyumbani, nikamketisha kwenye kitanda changu, mjomba wangu kando yake, na Eva tukamwegemeza kwenye mkebe wa sukari, ndani ya simu. Kisha nikamwita mume wangu aingie.

Aliingia akaona watu hao, akajua.

Mjomba alianza kwa kuzunguka, kama wazee wanavyofanya. Eva hakuzunguka. "Shemeji, nimekukosea nini mpaka unaiba gari langu usiku?"

Mama yangu akajifunika uso na leso. Kwetu mtu akiitwa mwizi na wakwe, tena mama mkwe akisikia... hilo halifutwi kwa pole.

Baba Sheila hakumjibu Eva wala mjomba. Alinigeukia mimi. "Mama Sheila. Hata wewe?"

Neno moja lingetosha, wasomaji! Ningesema "hapana" peke yake! Lakini nilitazama sakafu, nikasema, "Kama hakuna kitu, mbona taa inawaka?"

Akaweka ufunguo mezani, karibu na chapati. Akamwambia mama yangu abaki salama, bila kumtazama, kwa heshima ile ile ya siku zote. Akatoka.

Nilidhani atarudi kulala. Alienda kwa ndugu yake, huko Dagoretti. Kukicha nikamtuma Sheila. Akarudi na ujumbe kwamba baba anasalimu.

Eva akapata dereva mwingine. Akaniagiza mimi, eti sasa ndimi msimamizi, niende Kawangware alfajiri nikampe ufunguo. Nikapanda boda nikiwa nimefumba macho njia nzima. Nilifika kabla ya dereva. Nikamkuta Mzee Odhis ameinama nyuma ya gari, upande wa ukutani, anakanyaga pampu ya mguu, fyuu, fyuu! Nikamwambia mimi ni mke wa Baba Sheila.

"Karibu, mama! Ngoja nimalize kumlisha huyu."

"Kumlisha nini, mzee?"

"Si upepo! Huyu mimi humlaza bila upepo. Gurudumu la huku kwa ukuta, hakuna mtu anaona. Mwizi akija, ataenda wapi na kiguru?" Akacheka akaonyesha mapengo. "Hapa walitoa pikap ya mtu nikiwa choo. Nilisema haitatokea tena. Na bwana yako aliniomba sana. Aliniambia, mzee, hii ni ya shemeji, ikipotea nitaficha uso wapi?"

Nikakaa chini kwenye kokoto. "Kila usiku?"

"Kila usiku! Asubuhi najaza kabla afike. Kipimo sina; napiga teke, ikirudisha mguu najua imeshiba."

"Mzee... ulimwambia?"

"Ulinzi ni siri, mama. Ukiambia dereva, anaambia wenzake, kesho mwizi anakuja na pampu yake." Akapangusa mikono. "Na kwani siku hizi ako wapi? Mtu mzuri sana yule."

Ningemkasirikia vipi? Alikuwa analinda alichoombwa. Hata hakutaka chochote.

Nikampigia Eva, akalia. Wauzaji nao wakasema, "Aa, sasa inaeleweka," basi. Nikampigia Baba Sheila, nikamweleza yote huku nalia kwenye kokoto za watu.

"Nashukuru mmejua," akasema.

Nikamwambia rudi nyumbani.

"Gari lilipimwa kila mahali, Mama Sheila. Mimi nani alinipima? Niliwaambia sijui. Na nilikuwa sijui."

Eva ameomba msamaha. Mjomba ameenda mara mbili. Mama yangu ametuma neno kwamba yuko tayari kumpokea upya kwa njia ya wazee. Baba Sheila anawajibu wote kwa adabu, na haji. Matumizi ya Sheila hutuma bila kuchelewa. Mimi hunisalimu kwenye simu kama mtu anayemsalimu mwenye nyumba wa zamani. Nifanye nini? Nimlazimishe vipi mtu ambaye hajanikosea arudi?

Dada zangu, kaka zangu, nawasihi. Kitu kikiharibika, ulizeni kila mkono unaokigusa, mchana na usiku, kabla ya kuuliza moyo wa mtu wenu. Msiite kikao kwa sababu ya mashine! Na mtu wako akikwambia hajui, kaa naye hapo hapo. Mkose kujua wawili.

Tangu nimwombe Mzee Odhis aache kutoa upepo, dereva mpya anasema gari liko sawa kabisa, halijamsumbua hata siku moja. Ananiambia hivyo kila jioni akidhani ananifurahisha...