Nishani ya Jalala

Treni ya mchana iliingia stesheni ya Nachingwea ikiwa imechelewa saa tatu, na kila aliyekuwa akiingoja aliikimbilia kana kwamba ingegeuza papo hapo na kurudi pwani. Ilikuwa Jumamosi ya mwezi wa Juni, mwaka 1950. Vibarua wa mradi wa karanga, wapishi wa Wazungu, wauza ndizi na mafundi wa matrekta walisukumana kwenye vumbi jekundu. Katikati ya msukumano huo kanga ya msichana mmoja ilinaswa na bunda la waya.

"Usivute!" mwanamume alipaza sauti. "Ukivuta utabaki na kitambaa cha kufungia kidonda."

"Nani huyu aliyeweka miiba njiani?"

"Si miiba, dada. Ni waya wa simu. Na mwenye waya ni mimi."

"Basi mwenye waya apige magoti aninasue."

Waliosikia waliangua kicheko. Adinani alikuwa amejiapiza kwamba tangu arudi kutoka vita vya Bama hatampigia magoti kiumbe yeyote. Alikuwa na miaka thelathini, mrefu, kaptula yake ya kaki imepigwa pasi mikunjo ikasimama kama kisu, na kofia ya Keya, jeshi la Mfalme, kichwani ukingo mmoja umeinuliwa juu. Alimtazama msichana. Kanga nyeusi na nyekundu, nywele zimesukwa mistari mitatu, begani sanduku la dawa za zahanati, na harufu ya sabuni ya kaboliki iliyoyashinda mavumbi yote.

Akapiga magoti.

"Unaitwa nani?" aliuliza huku vidole vyake vikiutoa uzi mmoja mmoja.

"Swaumu. Nafanya kazi zahanati ya kambi, kule upande wa Ruangwa. Na wewe?"

"Adinani. Mimi ndiye sauti inayosema 'subiri' Bwana Mkubwa wenu anapopiga simu."

"Kumbe ni wewe! Unatusubirisha sana."

"Piga wewe. Uone kama utasubiri."

Alipiga Jumatatu. Tabibu wa zahanati alikuwa na desturi ya kulala baada ya chakula, na simu ilikuwa ukutani, karibu na jiko la kuchemshia sindano. Adinani alikuwa Nachingwea mbele ya ubao wa simu, visikilizio masikioni. Kazi hiyo alijifunza vitani. Kijiwe cha Ruangwa, kinachoanguka mtu akipiga, kilipoanguka kwenye ubao, moyo wake nao ulianguka.

"Kambi gani?"

"Ya mwenye kanga iliyotoboka."

Tangu siku hiyo waliongea kila alasiri. Adinani alijifunza mashairi peke yake, akiandika nyuma ya karatasi za zamu na kuhesabu mizani kwa vidole, na sasa alikuwa na mtu wa kumsomea.

"Sikiliza, mpenzi. *Sauti yapita waya, moyoni yaniwakia. Uso unaona haya, lini utanijilia?*"

"Mh! Uso wangu hauoni haya hata kidogo. Shida ni mjomba."

"Mjomba nitamwendea mwenyewe. Nimewahi kuvuka mto risasi zikinipita masikioni."

"Mjomba wangu hana risasi, Adinani wangu. Ana maswali."

Na kweli alikuwa nayo. Mzee Amiri, aliyemlea Swaumu na ambaye bila neno lake hakuna posa iliyopokelewa, alimkaribisha mgeni kwa uji wa mtama, akamwacha amalize, ndipo akasema:

"Nasikia huko Nachingwea unajisifu. Kwamba ulikokota waya wa simu ukavuka nao mto, ukaokoa kikosi kizima, Mfalme akakupa nishani."

"Sijisifu, mzee. Ndivyo ilivyokuwa."

"Iko wapi?"

Adinani alikitoa kitabu chake cha kuachishwa jeshi. Mzee Amiri hakujua kusoma. Alimpa Swaumu. Mahali pa kuandika nishani, karani wa jeshi alikuwa amepiga mstari mmoja wa wino.

"Pameandikwa nini?"

Swaumu aliufuata ule mstari kwa kidole. "Hapana kitu, mjomba."

"Mimi simchukii mtu maskini," Mzee Amiri alimwambia Swaumu taratibu. "Yunusi wa Mandawa naye amekuja kuposa. Ana mikorosho yake na hana maneno. Lakini huyu umempenda mwenyewe, basi nampa nafasi. Ufuta ukishavunwa, aje na karatasi yenye nishani. Asipokuja nayo, nitajua ninayetaka kumkabidhi mtoto wangu ni mwongo."

Neno mwongo lilimchoma Adinani kuliko kipande cha chuma alichotolewa pajani kule Bama. Aliandika Nairobi kwenye kumbukumbu za askari. Jibu lilikuja kwa Kiingereza baada ya miezi miwili, na Protasi, karani wa boma, alimwita pembeni amsomee.

"Nishani ipo," alisema kwa sauti ya chini. "Ila si ya Adinani. Imeandikwa ya askari mwingine. Wewe unasema ni wewe?"

Adinani alilitazama lile jina kwenye karatasi.

Lilikuwa jina lake la utotoni. Kwao, mvulana akishatoka jando hupewa jina jipya, na lile la zamani halitajwi tena. Anayelitaja mbele za watu amemvua mwanamume nguo. Atalipa jogoo mweupe wa kuosha kinywa chake, au atakuwa adui. Mwaka 1941 Adinani alipotoroka kwenda jeshini alijiandikisha kwa jina hilo, tena kwa ujanja: mjomba wake akija kumtafuta asiweze kuliuliza. Lakini kikosini walikuja vijana wa kwao. Kila asubuhi jina liliitwa gwarideni, na kila asubuhi walicheka. Alipigana, akafungwa, na mwisho sajini mmoja karani akachoka naye, akamfungulia kadi nyingine yenye namba nyingine: Adinani. Kadi ya kwanza hakuifunga. Afisa aliyemwandikia nishani alimjua kwa jina la kwanza tu. Hivyo wakaondoka Bama watu wawili ndani ya kaptula moja, mmoja shujaa, mwingine mtupu.

"Wanasema hivi," Protasi aliendelea. "Aletwe mtu aliyekulea, aape mbele ya serikali kwamba huyu na huyu ni mmoja. Mama yako yupo?"

"Amekufa."

"Ndugu mwingine?"

"Nipe barua yangu."

Aliichoma kwenye jiko la chai. Swaumu alipouliza, akamwambia: "Wamekataa."

"Wamekataa vipi? Kwani ulidanganya?"

"Na wewe unaniuliza hivyo?"

"Nakuuliza kwa sababu ufuta umeanza kukauka, Adinani! Mjomba anahesabu siku, na mimi nazihesabu. Niambie kuna nini, tukibebe wawili."

"Kuna mambo ya wanaume."

"Haya. Kaa na wanaume wako."

Lakini hakukata tamaa. Alikwenda bomani, akamwuliza Protasi, na Protasi akamweleza kilichotakiwa bila kumtajia jina. Kesho yake akaenda Mandawa kwa miguu hadi kwa Bi Zaina, mama mdogo wa Adinani, aliyemlea baada ya dada yake kufa. Bibi huyo alimsikiliza hadi mwisho, akatazama mlango, kisha akamnong'oneza sikioni. Wakaenda pamoja kwa jumbe, Bi Zaina akatia dole gumba kwenye karatasi. Kilichobaki kilikuwa kumsomea Protasi jina kwa simu siku hiyohiyo, kwa kuwa Bwana Shauri, Mzungu wa boma, alikuwa anaondoka kwa safari ya wiki sita na hati zake zilifungwa jioni.

Swaumu alingoja saa saba. Saa saba ilikuwa zamu ya mpiga simu mwenzake na Adinani. Alichagua saa hiyo kwa makusudi.

Mwenzake aliamka na homa. Adinani alikaa badala yake.

Kijiwe cha Ruangwa kikaanguka. Sauti ya tabibu ikaomba boma, Adinani akaunganisha. Halafu akasikia pumzi aliyoijua.

"Bwana Protasi? Ni Swaumu. Andika. Jina la kwanza alilojiandikishia jeshini ni Jalala."

"Sisikii vizuri, dada."

"Jalala! Mama yake alizika watoto watatu kabla yake. Huyu alipozaliwa akampa jina hilo, kifo kimdharau, kimpite. Jalala ndiye Adinani, mpiga simu wa Nachingwea. Umeandika?"

"Nimeandika."

Waya ule ulikuwa mmoja kwa kambi zote. Adinani alisikia mikonga ya simu ikiinuliwa, kambi moja, kambi ya pili, na mahali fulani mtu akikohoa kwa kicheko. Aliing'oa plagi ya boma. Akabaki na ya Ruangwa.

"Umemaliza?" alisema.

Upande wa pili mkonga uligonga ukuta. Kisha: "Adinani? Mungu wangu. Kwa nini ni wewe?"

"Endelea. Kambi zote zinasikiliza. Wataje na waliozikwa, mmoja mmoja."

"Nisikilize, mpenzi. Hati inafungwa leo. Wanataka kinywa cha mtu, na wewe umekifunga cha kwako."

"Mimi nilikuomba nini? Nilikuomba uniamini. Basi! Wewe umeniokotea nguo nilizozivua jandoni ukanivisha mbele ya vibarua."

"Nimelitaja ili niolewe na wewe!"

"Hutaolewa na Jalala," alisema, akakata.

Kesho yake karakana nzima ilikuwa na wimbo. *Jalala, hebu tuunganishie kambi ya Mtua! Jalala, lete simu!* Adinani alimvunja mmoja jino, akakatwa mshahara wa wiki. Siku ya tatu Swaumu alikuja. Alivaa kanga ileile, aliyoitia kiraka kidogo pale ilipotoboka, na mikononi alishika jogoo mweupe aliyefungwa miguu kwa kamba ya mkonge.

Alisimama mlangoni mwa chumba cha simu.

"Nimekuja kuosha kinywa changu," alisema. "Bi Zaina amenifundisha maneno ya kusema. Naomba uyapokee."

Adinani alikuwa na visikilizio masikioni. Hapakuwa na mtu yeyote kwenye waya. Ubao mzima ulikuwa umetulia, na yeye alikuwa akisikiliza mvumo mtupu. Hakugeuza shingo.

"Adinani."

Akaandika kitu kwenye karatasi ya zamu.

"Mume wangu mtarajiwa. Nimetembea tangu alfajiri."

Jogoo alipiga mbawa, akatulia. Swaumu alisimama hadi kivuli cha mlango kikahama kutoka mguu wa meza mpaka ukutani. Mwisho alimweka jogoo sakafuni, akaenda zake. Adinani alimtuma tarishi akimbie amrudishie ndege wake njiani, naye alijua vizuri maana yake: aliyekataa jogoo amekataa suluhu, na hakuna mtu, wala mzazi, awezaye tena kuwasemea.

Ufuta ukavunwa. Karatasi haikuja, na Mzee Amiri akatimiza neno lake.

Karatasi ilikuja mwaka uliofuata, wakati mradi wa karanga umekwisha kuanguka na Wazungu wanapakia viti vyao kwenye treni. Protasi alimkabidhi kitabu chake cha jeshi. Ule mstari wa wino ulikuwa umekatwa, na juu yake imeandikwa kwa mkono mzuri jina la nishani, na chini: *Aliyeandikwa Jalala ndiye Adinani.* Pamoja nacho kulikuwa na kijisanduku. Ndani, fedha nzito yenye kichwa cha Mfalme. Adinani aliigeuza kwenye mwanga. Ukingoni, kwa herufi ndogo zilizochongwa ndani ya chuma zisizoweza kufutwa, palikuwa na jina moja tu. Halikuwa Adinani.

Alikaa nayo siku nne. Siku ya tano alinunua jogoo mweupe, akashika njia ya Mandawa.

Swaumu alikuwa uani anapepeta ufuta, tumbo limeanza kuonekana chini ya kanga mpya. Aliinuka, akajifunga vizuri, akasimama hatua tatu mbali kama inavyompasa mke wa mtu.

"Karibu," alisema.

"Imekuja." Alimnyooshea nishani. "Kazi yako hii. Soma ukingoni."

Aliipokea kwa mikono miwili. Akaizungusha taratibu, midomo ikifuata herufi bila kutoa sauti.

"Wamekuandika vizuri," alisema, akairudisha.

"Litaje."

"Hapana."

"Swaumu. Wanawake waliowahi kunitaja hivyo kwa mapenzi ni wawili tu, na mmoja yumo kaburini. Nakuomba. Mara moja."

Macho yake yalijaa, lakini hayakumwagika. Aliuinua tena ungo, akaukaza kwapani.

"Nililitaja siku lilipokuwa na kazi," alisema. "Na huyo jogoo ni wa nini?"

"Ni wangu. Wa kosa langu."

Alimpokea yule ndege, akamtazama miguu iliyofungwa, kisha akageuka kuelekea jikoni.

"Mume wangu Yunusi yuko shambani. Akirudi nitamwambia Bwana Adinani wa Nachingwea alipita, akatuletea kitoweo."

Adinani alivaa kofia yake. Njiani kurudi, nguzo za simu zilikuwa zimekwisha kung'olewa moja baada ya nyingine, yamebaki mashimo yenye maji ya mvua. Alipofika mahali pasipo na nyumba alisimama, akatazama mbele na nyuma, akalitaja mwenyewe jina lile, kwa sauti kamili ya gwarideni.

Hakuna aliyeitikia, hata yeye.