Noti Nyekundu ya Babu

Asubuhi ile, Ghaniya alimmiminia bibi yake kahawa, akamsogezea tende kama kawaida, kisha akaanza kubandua noti nyekundu kwenye bango la fedha za Omani alilolitengeneza kwa ajili ya darasani.

"Mbona unaing'oa rupia ya marehemu babu yako?" aliuliza Bibi Zuwaina.

"Ni pesa ya Wahindi, Bibi. Wenzangu darasani watanicheka."

Siku hiyo kila mwanafunzi angeeleza bango lake, na Mwalimu Badriya angemchagua mmoja wa kuzungumza kwenye sikukuu ya taifa, mbele ya mji mzima wa Nizwa. Ghaniya aliitamani nafasi hiyo kufa na kupona.

Darasani alianza vizuri. Alieleza kwamba riali moja ni baisa elfu moja, akaonyesha noti, tangu ya baisa mia hadi ya riali hamsini. Kisha akavimba kichwa. "Tangu zamani, Omani haijatumia ila fedha yake yenyewe!"

"Muongo!" Muzna akadakia. "Babu yangu kalipwa rupia mpaka kaota mvi!"

Darasa likaangua kicheko. Mwalimu akamtaka Ghaniya aulize nyumbani, arudi kesho na ukweli. Msichana aliona aibu mpaka masikio yakamwaka moto.

"Niulize mimi," Bibi alisema jioni. "Zamani tulitumia rupia za Wahindi, hatukuwa na noti zetu. Mwaka wa sabini, riali zilipotoka, babu yako alipeleka rupia zake zikabadilishwe, akabakiza hii moja tu. Alipoishika riali mpya, akasoma jina la nchi yetu, alilia. Mtu mzima na ndevu zake!"

"Alilia nini, Bibi?"

"Furaha, mwanangu. Asiyewahi kupanga nyumba ya watu hajui utamu wa nyumba yake. Sasa wewe ukificha miaka ya kupanga, nani atajua tulishangilia nini?"

Kesho yake noti nyekundu ilirudi mahali pake, juu kabisa ya bango. "Jana nilidanganya," Ghaniya alisema, sauti ikimtetemeka. "Niliona haya." Kisha akasimulia yote, na alipofika kwenye machozi ya babu yake, sauti haikutetemeka tena.

Muzna ndiye aliyetangulia kupiga makofi. "Na wangu alilia, ila anakana!"

Mwalimu Badriya alicheka pamoja nao, kisha akasema, "Wanangu, anayeficha alikotoka hupunguza mwenyewe heshima ya alikofika. Ghaniya, siku ya sikukuu utazungumza wewe. Na uanze na hiyo nyekundu."