Toleo Ambalo Mwongeli Hakulitengeneza

Stima ilikuwa imepotea Mumbuni nzima tangu jioni ya jana, lakini Mwongeli alipoingia chumba cha nyuma asubuhi na kuigusa mashine ya kompyuta, aliikuta ya moto. Akatazama simu yake. Toleo la siku lilikuwa limeshawekwa mtandaoni, na si yeye aliyeliweka. Chumba kilinuka udi, katika nyumba ambayo hakuna mtu aliyewahi kuufukiza.

Mwongeli na kaka yake Ndambuki walikuwa wakitengeneza Kyeni, mfumo wa kuendeshea kompyuta unaotolewa bure, ambao mtu yeyote anaruhusiwa kuuchungulia ndani na kuurekebisha. Watu wa kujitolea walituma marekebisho yao, na kila siku ndugu hao waliyaunganisha kuwa toleo jipya, wakalitoa pamoja na onyo kwamba bado ni la majaribio. Waliolingoja kwa hamu zaidi ni wasioona, kwa sababu Kyeni iliwasomea kwa sauti kila kilichoandikwa, kwa Kiswahili na kwa Kikamba.

Ndambuki alidhani stima ilirudi kidogo usiku, mashine ikajiwasha. Stima yenyewe ilirudi wakiwa bado wanakunywa chai, na papo hapo Lavender akapiga simu kutoka Katangi. Lavender alikuwa mwalimu, asiyeona tangu utotoni, na kila toleo alilijaribu yeye kwanza nyumbani kwake kabla ya kuwapelekea wanafunzi.

"Mwongeli, hii sauti mmeweka leo ni ya nani?" aliuliza polepole.

Mwongeli akamjibu kwamba hawakuweka sauti yoyote mpya.

"Ni ya mwaitu," Lavender alinong'ona. "Mama yangu, na tulimzika. Nilikuwa nasomewa mitihani ya watoto, akaniita jina. Anataka nimfungulie mlango. Nimezima kompyuta, na bado anaita."

Mwongeli alimsihi asifungue mlango wowote mpaka ampigie tena. Wakarudi mbio chumbani. Ndambuki akalifuta lile toleo, likarudi. Akalifuta tena, likarudi tena, na safari hii harufu ya udi ikawa nzito hadi ikamwasha kooni. Alisema potelea mbali Kyeni, wang'oe nyaya zote na wahame nyumba hiyo leo leo. Akanyoosha mkono kwenye waya, akafungua mdomo kusema neno jingine, na sauti yake ikatokea upande wa pili wa chumba, kwenye spika iliyokuwa rafuni bila kuunganishwa na kitu.

"Kila siku mnaingia nyumba za watu mchana kweupe," spika ilisema kwa sauti ya Ndambuki, bila haraka. "Wanawakaribisha. Nibebeni na mimi."

Ndambuki alijishika shingo. Midomo yake ilicheza lakini hakikutoka kitu, hata pumzi ya kukohoa.

Mwongeli alimvuta nje, akaenda kumwita Susu Wanza, bibi mzee wa nyumba ya jirani ambaye watu walimwendea kwa uganga na ambaye Jumapili aliimba kwaya. Alikuja na gambuti zake za shambani na kibuyu kidogo cha mbegu. Akiwa bado mlangoni alinusa, akasikitika. Akawaeleza kwamba mwenye nyumba wa zamani, mfanyabiashara, alifuga jini katika chumba hicho na kulilisha moshi wa udi. Alipokufa, wanawe wakapangisha nyumba na hawakusema kitu.

"Mimi nitalitoa kwa nyumba," alisema. "Lakini ile mlituma, kibuyu yangu haifiki. Hiyo ni yako, mwiitu, binti yangu."

Hapo Mwongeli akaelewa. Kompyuta zenye Kyeni hujichukulia zenyewe toleo jipya likitoka. Wangekimbia, Lavender na wengine wote wangebaki na lile la asubuhi. Lilihitaji kufunikwa na jingine, safi, leo. Akamtumia Lavender ujumbe aiwashe kompyuta, ilipokee.

"Susu, niko na kazi ya kumaliza," alisema, akarudi kuketi.

Alianza upya kutoka kwenye toleo la jana, akikagua kila rekebisho, na nyuma yake mbegu zilichakacha kibuyuni, na kadiri mashine ilivyounganisha ndivyo kiti chake kilivyozidi kuwa baridi, kisha akasikia vidole vikimpangua nywele kwa upole kama mtu anayetaka kumsuka, na sauti ya Ndambuki ikamsihi aache, ikageuka ya baba yao, ikageuka ya Lavender inayolia kwamba amechoka, anakwenda kufungua, na Mwongeli, machozi yakimtiririka hadi kidevuni, hakuondoa macho kwenye kioo wala mikono kwenye vitufe.

"Sisi tunaingia kwa watu kwa sababu walituita," alisema bila kugeuka. "Wewe hakuna mtu amekuita. Huendi na sisi popote."

Akaliachia toleo.

Rafu ilianguka. Susu Wanza alipiga ukelele mmoja kwa Kikamba, akautikisa mkono kuelekea uani, na kitu kikapita kati yao kikisukuma mlango hadi bawaba zikang'oka. Kilichobaki chumbani ni harufu ya vumbi.

Mwongeli alipiga simu Katangi. Iliita mpaka akakata tamaa, ndipo Lavender akapokea. Alikuwa ameshashika komeo, alisema, na mara mama akanyamaza. Kompyuta ilikuwa ikimsomea mitihani kwa ile sauti yake kavu ya siku zote, na alikuwa hajawahi kuipenda hivyo.

Sauti ya Ndambuki ilirudi jioni, ya mikwaruzo, naye akaitumia kuuliza lililokuwa likimkaa rohoni. Kuna waliochukua toleo la asubuhi, wakazima kompyuta zao. Siku watakapoziwasha, itakuwaje?

Mwongeli alikuwa akipigilia bawaba. Alitoa msumari mdomoni.

"Ndiyo maana kesho tunatoa tena," alisema. "Siku yoyote wakiwasha, wakute jipya, safi, linawangoja."