Vichupa vya Memsahibu

Maiti ya Shamsiya binti Amur ilikuwa kitandani, imefunikwa shuka jeupe mpaka kidevuni. Alikuwa na miaka kumi na saba. Midomo yake ilikuwa imekauka na kupasuka, na mtungi wa maji uliokuwa kando ya kitanda ulikuwa umebaki mtupu.

Inspekta Asheri Shekiondo aliinama karibu na uso wa marehemu. Alisikia harufu hafifu ya matunda yaliyoiva kupita kiasi. Hakuona jeraha wala alama ya kukabwa. Kwenye mkono palikuwa na vitundu vingi vya sindano, vya zamani na vipya.

"Shikamoo, Bwana Amur," alimwamkia baba wa marehemu, aliyekuwa amesimama mlangoni.

"Marahaba. Mfunge huyo mwanamke."

Mzee Amur bin Turki, mwenye minazi mingi kule Mwera, alimnyooshea kidole mkewe, Saleha, aliyekuwa ameketi sakafuni amejitanda kaniki. Saleha alikuwa mama wa kambo wa marehemu na wa pacha wake, Zeyana.

"Wote wawili wana sukari, na ndiye anayewapiga sindano," Mzee Amur alisema. "Mmoja ndiyo huyo hapo. Zeyana yuko hospitali, hajitambui. Unataka ushahidi gani tena?"

Majirani waliojaa uani waliitikia kwa miguno. Nyumba nzima ya Mabawa ilikwisha kata hukumu kabla polisi hawajafika, na jambo hilo lilimkera Asheri. Mama wa kambo hana wakili katika mtaa wowote.

"Bi Saleha, mara ya mwisho uliwapiga sindano lini?"

"Jana asubuhi, wote wawili. Na juzi. Sijaruka hata siku moja, miaka saba sasa."

"Kwa dawa gani?"

Alichomoa kichupa kutoka kwenye bakuli la mchanga mbichi, mahali alipozoea kukiweka ili kipate ubaridi. "Hii. Nimeianza siku nne zilizopita. Nilikwenda dukani kwa Timotheo siku tatu mfululizo, naambiwa imekwisha. Siku ya tatu nikakaa kizingitini, nikalia. Ndipo akanipa hiki kimoja."

Asheri alikitikisa, akakiinua kwenye mwanga wa dirisha. Dawa ile, nyeupe kama maziwa, haikuchanganyika. Punje nyeupe ziling'ang'ania kioo cha ndani.

"Ilikuwa hivi tangu ulipoinunua?"

"Hivyo hivyo. Nilimwuliza, akasema ni ya aina mpya."

Saa nne asubuhi Asheri alikuwa hospitali. Daktari alimwonyesha neli ya kioo ya kupimia. Mkojo wa Zeyana ulikuwa umechemshwa pamoja na dawa ya buluu, nao umegeuka rangi ya tofali.

"Sukari imemjaa," alisema daktari. "Ni kama hajapigwa sindano siku nne."

"Amepigwa. Kwa hii."

Daktari alikitazama kichupa, akakunja uso. "Hii imeganda barafu, kisha ikayeyuka. Insulini iliyoganda haifai. Mama huyo alikuwa akiwadunga bure bila kujua."

"Basi mpe nyingine."

"Nimpe nini? Tangu mfereji wa Suezi ufungwe, meli zinaizunguka Afrika nzima. Stoo yangu tupu. Dar es Salaam wameniahidi kesho kutwa."

"Na Zeyana anaweza kungoja mpaka lini?"

"Ikifika magharibi hajapata, usiniulize tena."

Asheri alitoka mbio. Saleha alikuwa amesafika, lakini kusafika kwake hakukumpa Zeyana dawa. Nani angeweza kugandisha kitu katika mji huu wa joto? Friji za mafuta ya taa zilikuwa zinapooza tu, tena kwa shida. Palibaki mahali pamoja, kiwanda cha barafu kule bandarini.

Msimamizi wa chumba cha barafu, Mzee Uweso, alikuwa amevaa koti zito la sufi, mtu pekee mwenye koti la baridi Tanga nzima mwezi wa Januari.

"Shikamoo, mzee. Kuna mtu aliyewahi kukuwekesha dawa humu?"

"Marahaba, mwanangu. Yupo, yule kijana Timotheo wa duka la dawa. Friji yake iliharibika utambi mwezi uliopita, akaniletea kopo la biskuti. Akaniambia, Mzee Uweso, liweke pabaridi kabisa."

"Ukaliweka wapi?"

"Katikati ya mapande ya barafu, yakhe, nikalifunika pumba za mbao juu. Nilimpa mahali pa nguru wa daraja la kwanza!" Mzee alisema kwa fahari. "Siku mbili, mpaka friji yake ikatengenezwa. Kwani pameharibika nini?"

Asheri hakuwa na moyo wa kumjibu. Mzee wa watu alitunza dawa kwa mapenzi yote, kama alivyotunza samaki, na hakuna aliyemfundisha tofauti.

Duka la dawa lilikuwa na kibao mlangoni, INSULINI HAKUNA. Timotheo, kijana nadhifu mwenye koti jeupe, alikuwa akipanga sabuni. Asheri alimweka Konstebo Noa mlangoni, kisha akakitua kichupa juu ya meza.

"Kopo la biskuti lilikuwa na vichupa vingapi?"

Timotheo alipanga kipande kingine cha sabuni.

"Nimetoka kwa Mzee Uweso. Vingapi?"

"Vinne. Vitatu vilipasuka kwa barafu."

"Na cha nne ukamwuzia Bi Saleha. Ulijua kimeharibika?"

"Niliona zile punje."

"Kwa nini hukukitupa?"

"Alikuwa analia, Bwana Inspekta. Nikaona heri apate kitu kuliko kurudi mikono mitupu."

"Shamsiya amekufa alfajiri. Fungua friji."

"Friji haina..."

"Fungua!"

Timotheo alitoa ufunguo, akafungua. Nyuma ya chupa za chanjo kulikuwa na kifurushi cha karatasi ya kahawia. Ndani yake mlikuwa na vichupa sita vya insulini, vizima, maziwa yake laini hayana hata punje.

Damu ilimpanda Asheri kichwani. Alimpa Noa vichupa vyote. "Panda baiskeli. Mkononi mwa daktari, si kwa mtu mwingine. Mwambie ni vya Zeyana." Kisha akamgeukia Timotheo, akampa onyo la kisheria, akafungua daftari. "Hivi vilikuwa vya nani?"

"Vya memsahibu wa shamba la mkonge, naye ana sukari. Bwana wake aliniambia kila kitakachofika kwa meli nimwekee yeye."

"Memsahibu yuko wapi?"

"Amekwenda Ulaya kwa ndege."

"Lini?"

"Wiki tatu zilizopita."

"Na vichupa hivi vilifika lini?"

"Siku mbili baada ya yeye kuondoka."

Kalamu ya Asheri ilisimama. Kwa karibu wiki tatu dawa ile ilikaa kwenye ubaridi ikimngoja mwanamke asiyekuwapo, na wakati huo Saleha analia kizingitini, hatua sita tu kutoka kwenye friji. Hasira aliyoisikia haikuwa ya kipolisi. Ilikuwa ya mtu mwenye binti.

"Kwa nini hukumpa Saleha kimoja cha hivi?"

"Hakuna aliyeniambia nivitoe."

"Ulihitaji kuambiwa na nani? Mwenyewe ameondoka!"

"Bwana yule ndiye aliyenipatia kazi hii. Akisema neno moja tu, narudi kukata mkonge. Baba yangu ameukata miaka ishirini. Mikono yake haikunjiki tena, Bwana Inspekta. Kijiko analishwa." Machozi yalimtoka. "Sikutaka mtu afe. Nilitaka nisirudi kule."

Asheri aliyaandika yote, neno kwa neno, akamsomea, naye akatia sahihi. Alimwonea huruma kwa ajili ya ile mikono ya babaye, na huruma hiyo ikazidi kumtia uchungu, kwa sababu haikumpunguzia kosa hata chembe.

Baada ya saa moja Noa alirejea, jasho linamchuruzika. "Amedungwa, afande. Daktari anasema tumewahi."

Timotheo alishusha pumzi. Akanyoosha mikono yake kwa pingu, kisha akasita, akaitazama ile friji iliyo wazi.

"Bwana Inspekta," aliuliza kwa sauti ndogo, "memsahibu akirudi akavikosa, nitamwambia nini?"

Asheri alimkazia macho. Kijana hakuwa akifanya mzaha. Msichana alikuwa akisubiri kuzikwa alasiri ile, na bado hofu ya kijana ilikuwa kule kule, kwenye shamba la mkonge.

"Umwambie vilikuwa dawa, navyo vimepata mgonjwa," alisema, akafunga pingu.