Mahali Alipoishia Mwalimu Subira

Baada ya gwaride la asubuhi, wanafunzi wa Gredi ya Sita waliingia darasani kimya. Kipindi cha kwanza kilikuwa Hisabati, na tangu Mwalimu Wafula ahamie shuleni kwao, Mwabungo, pwani, hakuna aliyekipenda kipindi hicho.

"Shikamoo, mwalimu!"

"Ketini." Alizitupa karatasi za mtihani mezani. "Mbeyu! Nusu ukijumlisha theluthi unapata ngapi?"

Mbeyu alisimama. "Mbili juu ya tano, mwalimu."

"Yaani ulikuwa na nusu mkate, ukaongezewa theluthi, sasa umebaki na pungufu ya nusu. Nani aliyeula?"



"Darasa zima mmeanguka! Nilipofika niliwauliza kama mmefundishwa hesabu za sehemu, mkaitikia ndiyo. Upepo wa bahari umewalevya nyinyi! Mtihani wa kitaifa ni mwezi ujao. Mtaandika nini?"

Mbeyu aliijua sababu. Mwalimu Subira, aliyewafundisha zamani, alifariki kabla hawajazifikia sehemu. Muhula mzima wakakaa bila mwalimu wa Hisabati. Lakini mgeni alipouliza, nani angejibu hapana? Ingekuwa kumsema marehemu, na mwanawe, Swabir, alikuwa ameketi dawati la nyuma akiwasikiliza.

"Thubutu useme," Swabir alimnong'oneza sasa kutoka nyuma.

Mbeyu alimtazama mwalimu. Akinyamaza, wataanguka tena, na safari hiyo hakutakuwa na marudio.

"Hatukufundishwa, mwalimu."

Swabir aliruka juu. "Mwongo! Unamsema mamangu naye yuko kaburini? Huna haya!"

"Mchawi wewe, hata wafu huwaachi!" sauti nyingine ikadakia.

"Kimya!" Mwalimu Wafula alifoka. "Nyote wawili, ofisini!"

Mwalimu mkuu, Bi Biasha, aliwasikiliza wote watatu, wanafunzi na mwalimu wao, mpaka mwisho. 

"Swabir, mwanangu," alisema, "mamako hajasemwa vibaya. Mauti yalimkatiza kazini. Aliyekosa ni mimi, niliyeliacha darasa muhula mzima bila mtu." Kisha akamgeukia Wafula. "Nawe, mwalimu, 'ndiyo' ya darasa zima si jibu. Ungewaita ubaoni mmoja mmoja ungejua. Badala yake umewatukana."

Mwalimu Wafula alikunja uso, akatazama sakafu. "Ni kweli," alisema hatimaye. "Kesho nitaanzia alipoishia."

Alianza hivyo, pole pole, akichora mistari ubaoni na kuigawa mpaka kila mtu aone. Hata hivyo, darasani hakukuwa na amani. Swabir hakumsalimu Mbeyu, na wenzake walisogea mbali naye kwenye dawati. Mbeyu aliyavumilia hayo na kufanya hesabu zake.

Mtihani mwingine wa darasani uliporudishwa, wengi walikuwa wamefaulu. Swabir alikosa swali moja. Alilikodolea macho, kisha akamwendea Mbeyu.

"Bado nimekukasirikia."

"Najua."

"Hili la saba ulilifanyaje?"

Mbeyu alisogea, akampisha nafasi.

Mwalimu Wafula aliwaona. "Sikilizeni nyote," alisema, safari hii bila kupaza sauti. "Mkificha msichokijua, mimi ninaufundisha ukuta. Nami nikiwatukana kabla ya kuwauliza, nawafunza kuficha. Tumekosa pande zote mbili. Haya, Swabir, njoo ubaoni utuonyeshe ulipopotelea."

Swabir aliinuka, akaichukua chaki.