Amri Mbili kwa Mzigo Mmoja

Kila asubuhi Silima alikunywa uji wake upesi, akenda ghalani kwa tajiri Himid, mjini Wete. Alikuwa msimamizi wa karafuu. Alizianika, alizigeuza, alizichambua makonyo, vile vijiti vyake, akazitia maguniani. Za mashamba ya Pujini, za Shumba, zote zilipita mkononi mwake. Mkewe Kazija alikuwa akimtania: "Hata ukipotea gizani, pua itanifikisha ulipo."

Hayo ni mambo ya mwaka 1959.

Tajiri Himid alikuwa mtu wa kusema mara moja akenda zake. Siku aliyosafiri kwenda Unguja alisimama mlangoni mwa ghala, mguu mmoja ndani, mmoja nje.

"Silima, mzigo wa Bombei ni karafuu za Shumba peke yake. Usitie nyingine."

"Ewallah, tajiri."

Siku ya pili akaja Bwana Mmanga, aliyemuoa binti wa tajiri. Alikuwa anatweta.

"Simu imekuja kutoka Unguja. Mzigo wa Bombei watakiwa upesi, na hizi za Shumba hazitoshi. Changanya na za Pujini, magunia yajae."

Silima akabaki ameshika ungo wa kupepetea. Mmoja kasema usitie. Mwengine asema tia. Labda tajiri ndiye aliyemtuma. Labda siye. Tena pale ghalani kuchanganya lilikuwa jambo la miaka yote: nzuri zikizibeba zile hafifu, na wanunuzi wa Wete walizichukua vivyo hivyo. Na kumuuliza mkwe wa tajiri, "Nani kakutuma?" Silima aliona ni kama kumvua mtu kofia mbele za watu.

"Ewallah, bwana," akasema.

Akachanganya.

Baada ya muda habari ikarudi: mnunuzi wa Bombei kaukataa mzigo. Tajiri Himid, aliyekwisha rudi kutoka Unguja, akamwita Silima uwanjani, vibarua wote wakisikia.

"Nilikwambiaje?"

"Ulinambia za Shumba peke yake, tajiri. Lakini Bwana Mmanga..."

"Mimi?" Mmanga akasema. "Mimi nilipata simu yako ya kuharakisha, nikakuta magunia hayajajaa. Nikamwambia achanganye yajae, akanijibu ewallah. Ningejuaje kama ana amri nyingine?"

Silima akamtazama huyu, akamtazama yule. Wote wawili walikuwa wakisema kweli. Hilo ndilo lililomvuruga zaidi.

"Kesho usije," alisema tajiri.

Kufika jioni, watu wa barazani walikuwa na lao. Walisema Silima kaziuza karafuu za Shumba kwa siri, kisha akajaziliza za Pujini. Silima akawa hatoki. Kazi imekwenda, na sasa jina nalo laenda.

"Ulimwambia Mmanga kuwa tajiri alikukataza?" Kazija alimuuliza.

"Nimkatalie vipi mkwe wa tajiri?"

"Sikusema umkatalie. Nasema umwambie."

Kazija akajitanda kanga, akenda kumwita jirani yao Nyange, karani wa ofisi ya kazi, ile inayosuluhisha wafanyakazi na matajiri wao.

Nyange alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza, "Yule wa Bombei alinunua nini hasa?"

"Karafuu."

"Alizionea wapi?"

"Alipelekewa mfano. Konzi moja ya za Shumba."

"Basi alinunua zile. Mnunuzi wa hapa Wete akiona si zile, mtabishana, mtapunguziana, mtakunywa kahawa. Wa ng'ambo hayupo hapa. Ile konzi ndiyo ahadi aliyopewa. Aliyetoa ahadi ndiye mwenye kuibadilisha. Si Mmanga, wala si wewe."

"Sasa mimi ningefanya nini, yakhe? Mtu mzima kanisimamia kichwani."

"Ungesema, 'Bwana, nimekusikia, lakini tajiri kanambia hivi. Nami nangoja neno lake.' Si utovu wa adabu huo. Wewe umesema ewallah kwa wote wawili. Kila mmoja akenda zake akijua kasikilizwa."

Silima akainama. "Basi kosa ni langu."

"Lako lipo. Lakini si lako peke yako. Na mtu hafukuzwi kwa kelele za uwanjani. Njoo ofisini, tuwaite, kila mmoja aseme."

Tajiri Himid alifika ofisini amekunja uso. Mkubwa wa ofisi akamuuliza jambo moja tu: "Ulimwambia Mmanga ile amri ya Shumba?"

Tajiri akazungusha fimbo yake. "Sikuona haja. Ghala ni langu."

Kisha akamtazama mkwewe, naye Mmanga alikuwa akitazama sakafu.

Walipatana hivi: Silima arudi kazini. Amri ya mzigo wa ng'ambo itoke kwa mtu mmoja. Na Silima, akishaamrishwa, airudie kwa sauti kabla hajagusa gunia. Jioni ile tajiri alipita barazani mwenyewe. "Silima hakuiba kitu," akasema. "Mimi na mkwe wangu hatukuambizana."

Msimu uliofuata ukaja mzigo mwengine wa Bombei. Tajiri akasimama mlangoni, mguu mmoja ndani, mmoja nje.

"Silima, funga za Shumba."

"Ewallah, tajiri. Nifunge za Shumba peke yake, kama mfano uliokwenda Bombei."

Tajiri alikwisha geuka. Akasimama.

"Ngoja. Mara hii mfano tuliopeleka ni wa Pujini."

Akaingia na ule mguu wa pili, akakaa juu ya gunia, wakalizungumza jambo mpaka likaeleweka. Mzigo ukenda, ukapokewa.

Siku hiyo Silima aliporudi nyumbani, Kazija alimpa kikapu. "Kanunue samaki, changu mmoja, nipike mchuzi."

"Ninunue changu, si tasi. Nikikosa changu nirudi kuuliza?"

"Ukikosa changu, baba, lete chochote chenye magamba," Kazija akasema. "Amri ni yangu, na watu wana njaa."