Oili Iliyomwagwa Bila Hodi

Asubuhi ile pikipiki ilikuwa ya moto kabla hajaiwasha.

Spana aligundua kwa paja. Alikuwa na kaptula, anajipenyeza kati ya pikipiki na ukuta wa veranda kwenda kuchota maji ya kunawa, paja likagusa injini, akaruka na tusi lililofika jikoni. Akarudi, akagusa silinda kwa ncha ya kidole kama mtu anayejaribu pasi. Pikipiki ilikuwa imesimama pale tangu jana jioni, na ufunguo ulikuwa juu ya kabati ambako mtoto hafiki.

"Mama Kidoti, nani kawasha hii?"

"Nani aiwashe? Mimi?" mkewe akajibu kutoka jikoni. "Huyo ni mke mwenzangu, simgusi."

Spana hakuwa fundi. Kazi yake ilikuwa kusambaza mikate ya kiwanda madukani, trei zimefungwa nyuma ya kiti kwa mpira. Lakini mtaa mzima ulimwita Spana kwa sababu hakuna fundi aliyewahi kuishika pikipiki yake. Kila kitu alikifanya mwenyewe pale verandani, juu ya gunia, na alikuwa na msemo ambao majirani walikwisha kuukinai: injini haina uchawi, ina moto, mafuta na hewa, kimoja kikikosekana utakijua tu. Alipenda kuusema kwa sauti kubwa, na wanaopenda kusema kwa sauti kubwa ndio wanaotisha kuwaona wakinyamaza.

Alikuwa bado anaipapasa ile injini mkewe alipotoka, kanga ya kifuani imelegea, uso umebadilika.

"Baba Kidoti, njoo umshike mtoto. Anawaka."

Kidoti alikuwa na miaka mitano, mtoto wa pekee, amepewa jina hilo kwa doa dogo jeusi juu ya mdomo. Jana alikuwa akiruka kamba. Leo alilala chali, macho nusu, midomo imekauka, na ukimgusa unaondoa mkono. Wakampeleka zahanati. Mganga wa pale akamtoa damu, akaitazama, akasema malaria hakuna, kifua ni safi, koo ni safi, akawapa dawa ya kushusha homa na kuwaambia wamkande kwa kitambaa cha maji. Homa haikushuka. Adhuhuri ilipofika mama akainama juu ya mwanawe, akamnusa mdomoni, akainuka polepole.

"Mnuse," alinong'ona.

Spana akanusa. Pumzi ya binti yake ilinuka oili iliyoungua, na ndani ya oili ile mlikuwa na harufu ya nywele zilizoshika moto.

Spana alitoka verandani akachukua vifaa, kwa sababu mtu akiishiwa la kufanya hufanya lile analolijua. Akachomoa nyaya za betri, labda kuna shoti inayopasha chuma. Injini ikabaki ya moto. Akafungua plagi, akaiweka chini. Akakinga chupa, akaishusha petroli yote ya tangini, nyingine ikamwagika sakafuni. Sasa pale palikuwa na pikipiki isiyo na moto wala mafuta, na bado ilikuwa inachoma, na bado chuma kilikuwa kikilia ti, ti, ti, mlio ule ambao kila mwenye pikipiki anaujua, wa injini inayopoa baada ya safari ndefu, ila hii ililia na haikupoa.

Akaja na ndoo ya maji, akaimwagia. Mvuke ukapanda hadi kwenye bati. Na kutoka chumbani, kwa mara ya kwanza tangu asubuhi, Kidoti akashusha pumzi ndefu ya mtu aliyepata nafuu.

Mume na mke wakatazamana kupitia mlangoni.

"Mwagia tena," mama alisema.

Akamwagia tena, mtoto akatulia. Maji yalipokauka, mtoto akaanza kutetemeka upya. Wakaendelea hivyo, yeye na ndoo, mkewe na kitambaa, mpaka maji ya pipa yakaisha, na hapo mama akalia waziwazi.

"Iondoe! Itupe! Ipeleke mbali na mwanangu!"

Akaisukuma. Alitoka nayo barabarani mchana kweupe, watu wakimtania kwamba leo yeye ndiye pikipiki, akawapita bila kugeuza shingo, hadi uani mwa kiwanda cha mikate. Hakuwa hata amepata pumzi simu ilipolia. Sauti ya mkewe ilikuwa ndogo mno.

"Irudishe. Baba Kidoti, amekuwa wa baridi. Kucha zimekuwa za bluu. Nakuomba, irudishe, kimbia."

Njia ile ya kurudi Spana hakuweza kuikumbuka baadaye. Alisukuma akikimbia, viganja vikichubuka, akimwomba Mungu na kuiomba pikipiki katika sentensi moja, akiahidi vitu ambavyo hakuwa navyo, na kila alipopita kivuli cha jengo alisikia ndani ya ile injini isiyo na plagi kitu kidogo kikikwaruza, kama kucha za mtoto kwenye sahani. Alipoingia verandani, mwili wa Kidoti ukaanza kupata joto, kisha joto likazidi, na homa ikarudi pale ilipokuwa.

Hapo ndipo mama mtoto alipompigia shangazi yake.

Shangazi alikuwa mshonaji wa sare za shule, na kwa waliomjua vizuri alikuwa pia mganga wa mambo yasiyopimwa zahanati. Aliingia na mkoba wake, vipande vya uzi vimemganda begani. Hakwenda kwa mtoto. Alisimama mbele ya pikipiki akaitazama kwa muda.

"Cherehani yangu nayo huitia oili," alisema. "Wewe hii uliibadilishia lini, mkwe?"

"Jana jioni, shangazi."

"Ilikuwa ya moto au baridi?"

"Ya moto. Lazima uiwashe kwanza. Oili ya baridi ni nzito, haitoki yote, inaacha uchafu chini."

"Ya zamani ukaipeleka wapi?"

Spana akageuka kutazama nyuma ya nyumba. Siku zote oili chafu aliiacha ipoe kwenye kopo, akampelekea seremala wa mtaa wa pili apake nguzo zisiliwe na mchwa. Lakini jana kopo lilikuwa limetoboka, beseni lilikuwa likimuunguza vidole, jua linazama, na alitaka kumaliza. Nyuma ya nyumba, chini ya ukuta, palikuwa na shimo ambalo hakuna aliyejua nani alilichimba. Akaimimina humo yote, bado inafuka.

"Hukusema hata 'nipisheni', waliomo wahame?" shangazi aliuliza.

"Nilisikia kama paka amekanyagwa," Spana alisema. "Nikadhani ni paka."

Chumbani Kidoti akacheka. Wakakimbilia ndani. Mtoto alikuwa amelala vilevile, macho nusu, lakini mdomo ulikuwa wazi na sauti ya mwanamke ilikuwa ikitoka humo bila midomo kusogea.

"Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Sasa na wewe ujue. Umemuunguza wangu akiwa usingizini, ngozi haimkai tena. Nimemlaza humo kwenye chuma chako, na maumivu yake nimempa wako ambebee."

Spana akapiga magoti. "Nipe mimi hayo maumivu. Sikukusudia. Wallahi sikuwaona. Nipe mimi, muache huyu."

"Wewe ni mkubwa mno," sauti ikasema, kisha ikanyamaza.

Shangazi akamvuta nje kwa mkono wa shati. Alizungumza kwa haraka, chinichini, mdomo karibu na sikio lake. Yeye angekwenda shimoni kumsihi mama wa yule aliyeungua. Akikubali, injini ingepoa. Ikipoa tu, Spana afungue boliti ya chini na kuiacha oili idondoke yenyewe, taratibu, asiitikise.

"Njia ni hiyo moja. Wa kwake atatoka, na roho ya wako irudi mwilini mwake, maana wote wamefungamana humo. Usiifunge mpaka usikie mimi, kwa mdomo wangu, nakuambia tayari. Umenielewa, mkwe?"

"Nimeelewa."

Shangazi akazunguka nyuma ya nyumba. Spana akakaa chini na spana mkononi, akisikia mnong'ono wa shangazi kupitia ukutani, unapanda, unashuka, unabembeleza. Mkono wake mwingine ulikuwa juu ya injini. Ulikuwa ukiungua na hakuuondoa. Kisha, kidogo kidogo, chuma kikawa vuguvugu, kikawa baridi.

Akalegeza boliti. Oili ilikuwa mpya ya jana, ya rangi ya asali alipoitia, lakini sasa ilitoka nyeusi, nzito, inanuka nywele, ikidondoka ndani ya beseni kwa mlio uliokuwa karibu sana na kwikwi za mtoto aliyelia hadi akachoka, na beseni lilipofika nusu kitu kikajigeuza chini ya ule weusi kama mtoto anavyojigeuza chini ya shuka, kikatoa mgongo, kikazama, kikatoa kiganja kikashika ukingo, na Spana, aliyekuwa haamini chochote asichoweza kukifungua kwa spana, akafumba macho kwa nguvu na kusikia nyayo ndogo zilizolowa zikishuka sakafuni, pat, pat, pat, zikampita ubavuni karibu kiasi cha kumgusa goti, zikaenda zao.

Ziende shimoni, alijiambia. Zimekwenda shimoni kwa mama yake.

"Baba."

Alifumbua macho. Kidoti alikuwa amesimama mbele yake. Uso mkavu, macho meupe safi, homa hakuna. Nyuma yake mama yake alikuwa ameshika fremu ya mlango kwa mikono miwili, analia na kucheka.

"Kaamka mwenyewe!" mama alisema. "Kaomba maji, kanywa kikombe kizima!"

Spana akamkumbatia mwanawe, akampapasa kichwa, mgongo, vidole. Mwili ulikuwa wa joto la kawaida la mtoto. Alilia kwa sauti na hakuona haya. Kidoti akajitoa taratibu kifuani mwake, akainama, akaiokota ile boliti kwenye gunia na kumwekea kiganjani.

"Funga, baba. Panavuja."

Mzazi gani angemkatalia? Siku nzima alikuwa ameomba kuisikia sauti ile. Mnong'ono wa shangazi ulikuwa bado unaendelea nyuma ya ukuta, na Spana aliusikia, lakini aliusikia kama mtu anavyosikia redio ya jirani. Mtoto alikuwa hapa, mzima. Kazi imekwisha, na kazi ikiisha hufungwa. Akakaza boliti. Akamimina oili nyingine safi, akarudisha plagi, akaunga nyaya, akatia tangini petroli kidogo iliyosalia kwenye chupa. Na kwa kuwa oili mpya haiachwi imelala, lazima injini izunguke kidogo ipate kuisambaza, akapiga kiki. Iliwaka mara ya kwanza.

Akachukua bisibisi ndefu kuisikiliza, kama wafanyavyo mafundi, ncha kwenye injini na mpini sikioni, ili sauti za ndani zije karibu. Alitarajia kusikia vali zikigonga.

"Baba! Baba, huku giza! Baba, nifungulie!"

Bisibisi ikamponyoka. Akaiokota, akaibana sikioni hadi ikamuumiza. Ilikuwa sauti ya Kidoti, ile ya kuamka na ndoto mbaya, ikilia kutoka ndani ya chuma. Akapunguza moto wa injini, sauti ikafifia kama inayozama. Akauongeza haraka, ikarudi.

Shangazi akatokea konani mwa nyumba, amekimbia, kitambaa kimemvuka kichwani. Aliitazama boliti iliyokazwa. Kisha akaitazama sakafu. Kutoka kwenye beseni, nyayo ndogo nyeusi zilivuka veranda, zikampita mahali alipokaa Spana, zikaingia chumbani. Hazikwenda shimoni.

"Nani kakuambia ufunge?" aliuliza kwa sauti ya chini sana.

Spana alimtazama yule mtoto aliyesimama karibu na mkewe, ameshika kanga ya mkewe.

"Nizime nimfungulie?" alinong'ona.

"Ukizima itapoa, naye apoe humo. Uliambiwa alivyopoa mchana. Safari hii hana mwili wa kurudia, yule wa shimoni amekwisha kuukalia."

Kufungua boliti injini ikinguruma ni kuimwaga oili yote. Chuma kingesagana na chuma na kukwama kabla hajahesabu hadi mia, naye yumo ndani. Akizima, anapoa. Spana aliyajua yote mawili vizuri kuliko mtu yeyote mtaani. Akatikisa tangi kwa goti, na petroli ikasikika chini kabisa, kidogo.

"Mama Kidoti," alisema bila kuondoa mkono kwenye usukani, "kimbia ukanunue petroli. Chochote utakachopata. Kimbia."

"Petroli ya nini tena, Baba Kidoti? Si mtoto amepona?" Mkewe alikuwa bado anatabasamu, bado anafuta machozi. "Njoo ndani umshike. Zima hilo dude."

Mtoto akaiachia kanga, akaja hadi kwenye pikipiki, akaweka sikio juu ya tangi na kusikiliza. Akatabasamu.

"Zima, baba," alisema kwa upole. "Analia sana."